Picha zangu zote za Kariakoo ni migongo ya watu. Nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Mbagala. Mwaka jana nilinunua Canon 700D iliyotumika, pamoja na lensi mbili, fupi ya milimita 18-55 na ndefu ya 55-250. Sivutiwi na harusi wala send-off. Napenda picha za watu wa mtaani wakiwa kwenye mambo yao, bila kupangwa. Kila Jumamosi niko Kariakoo. Tatizo watu hawatabiriki: nikiinua kamera huyu anapozi vidole viwili, yule anageuka, mwingine ananifokea. Nikijificha na lensi ndefu naambulia migongo. Wiki iliyopita kijana wa viatu alinishika mkono mpaka nikafuta picha mbele yake. Nifanyeje niwapate watu bila wao kujua? Na sheria inasemaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Kabla ya kujibu nimefungua zile picha kumi na mbili ulizoambatanisha. Tisa ni migongo, kama ulivyosema. Mbili ni za watu wanaokutazama kwa jicho la "na huyu katumwa na nani?" Moja ni picha hasa: yule mama wa ndizi anayejifunga kanga upya huku noti ya elfu mbili ameibana kwa meno. Chini yake umeandika "hii ilikuwa bahati tu". Sikubaliani nawe. Tazama kona ya chini, kushoto: kuna kifuko chenye ndizi kinaning'inia, na naweza kuapa ni chako. Ulikuwa mteja. Ulisimama hatua mbili kutoka kwake, umeshalipa, unasubiri chenji, kamera iko kifuani na watu wote pale gengeni wameshaiona wakaichoka. Kanga ilipomlegea hakuwa na sababu ya kukufikiria wewe. Kwenye zile tisa ulikuwa umejificha.

Kwa hiyo nianze na sehemu ya swali lako ninayoikataa. Unataka kuwapata watu bila wao kujua. Mimi nakwambia waache wajue, halafu wasahau. Hiyo ya kusahau ndiyo inayotoa picha, na inachukua muda, si ujanja.

Lensi ya 55-250 ibaki Mbagala. Nasema hivyo bila kuidharau. Ni nzuri kwa mpira na kwa ndege. Lakini Kariakoo siku ya Jumamosi, kati yako na mtu aliye upande wa pili wa barabara wanapita watu kumi, mkokoteni mmoja na bodaboda mbili. Unabaki kuvizia upenyo. Ukiupata, uso umeshapita, umebaki mgongo. Sababu nyingine ya migongo ni kwamba unawafuata watu. Anayefuata huwa nyuma, na nyuma ya mtu ni mgongo. Hakuna fundi wa kamera atakayekutengenezea hilo.

Na tusidanganyane, wewe na lensi ya urefu ule mnaonekana. Mwaka 2011 nilipanda kwenye veranda ya gesti moja ghorofa ya pili, Mtaa wa Kongo uko chini yangu, nikapiga nusu saa nzima nikijiona bingwa. Niliposhuka nilikuta vijana wanne wananisubiri mlangoni. Walidhani nakusanya ushahidi wa kuwaondoa barabarani. Mmoja aliniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Kama kazi yako ni halali, mbona umepanda juu?" Ilibidi mzee wa kahawa aingilie kati, mzee ambaye nilikuwa nimempita asubuhi yake bila hata salamu. Nilifuta kadi nzima. Tangu siku ile sijapiga mtaa kutoka juu.

Kijana wa viatu aliyekushika mkono alikosea, hana haki ya kukugusa. Lakini jiulize alichokiona. Machinga akiona kamera anafikiria mgambo, anafikiria watu wa kodi, anafikiria bidhaa yenye nembo isiyo ya kweli. Mwingine amemwambia mkewe yuko Morogoro. Mwingine aliwahi kuona sura yake kwenye kundi la WhatsApp imeandikwa maneno ya kuchekesha ambayo yeye hayakumchekesha. Hakuna hata mmoja hapo anayechukia picha. Angalia studio za picha za pasipoti pale pale Kariakoo, watu wanavyojitengeneza mbele ya kioo! Wanachoogopa ni kutojua picha inakwenda wapi, na wewe ukiwa nyuma ya nguzo umeshawajibu vibaya.

Sasa hili la watu kutotabirika. Ni kweli, na ndiyo raha ya kazi yenyewe. Ila mahali panatabirika. Usichague mtu, chagua mahali.

Nikupe mfano ninaoujua kwa miguu yangu. Baada ya mvua za masika kuna mtaa mmoja jirani na soko ambapo maji husimama upande mmoja wa barabara, na mwenye duka huweka ubao wa kuvukia. Ubao ni mwembamba, unabonyea katikati. Nilisimama pale kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 4. Sikujua nani atapita, lakini nilijua kila atakayepita atafika katikati ya ubao, utabonyea, naye atafanya kitu. Mwanafunzi alikimbia. Mzee wa kanzu aliinua pindo kwa vidole viwili kama anayeshika kikombe cha chai. Dada mmoja alivua viatu, akaviangalia, akavivaa tena. Mbeba mizigo mwenye magunia mawili mgongoni alisimama kabla ya ubao, akautazama, akapita ndani ya maji. Hiyo ya mwisho ninayo ukutani.

Basi tafuta vitu kama ubao ule, yaani mahali panapomlazimisha mtu kufanya jambo: ngazi ya kwanza ya kituo cha mwendokasi, mizani ya muuza nafaka, kona ambapo mkokoteni lazima uombe njia, mlango wa duka la vitambaa mahali mteja anatoka gizani na jua linampiga usoni ghafla, kioo kinachouzwa kikiwa kimeegeshwa ukutani (hakuna binadamu anayepita mbele ya kioo cha bure bila kujitazama). Kariakoo imejaa sehemu hizo kwa sababu ni mji wa kubeba. Hata jina lake ni la wabebaji: limetokana na Carrier Corps, kikosi cha Waingereza cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi pale. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado ukikaa kona yoyote dakika tano utaona mtu mwenye mzigo mkubwa kuliko yeye.

Ukishapata mahali, panga fremu kwanza kana kwamba hakuna mtu atakayekuja. Ukuta uko wapi, nguzo ya umeme inaingia wapi, bango gani litatoka kichwani mwa mtu kama pembe. Halafu subiri mtu aje kuijaza. Ukienda hivyo mtu anaingia kwenye picha yako badala ya wewe kuingia kwenye maisha yake, na hata yeye anaihisi tofauti hiyo. Wengi watadhani unapiga ukuta. Baadhi watakuomba radhi kwa kukukatiza.

Kamera iwe tayari kabla. Najua unategemea fokasi ya otomatiki, na 700D si mbaya, lakini mtaani ile nusu sekunde ya kutafuta ndiyo sekunde yenyewe. Fanya hivi. Weka lensi ya 18-55 kwenye milimita 24. Tundu la lensi f/8. Elekeza kwenye alama ardhini mita mbili na nusu mbele yako, fokasi ikishika sogeza swichi ya lensi kwenye MF, yaani fokasi ya mkono. Kwa kamera yako, kila kitu kuanzia kama mita moja na nusu hadi mita saba kitakuwa safi cha kutosha. Huhitaji tena kufokasi. Unahitaji kujua mita mbili na nusu ni umbali gani, na hilo si la kamera, ni la mwili. Kwangu ni hatua tatu za kawaida. Pima za kwako kwenye baraza la nyumbani kwa utepe wa fundi cherehani, kisha jizoeze kukisia: kutoka hapa hadi kwenye ndoo, kutoka hapa hadi kwa jirani. Lensi hiyo haina namba za umbali pembeni, kwa hiyo kila ukizima na kuwasha kamera, au mkono ukigusa pete ya mbele, hakiki upya.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi kupokea mwanga, iwe 1/500 ya sekunde. Mtu anayetembea kawaida huenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Kwa 1/60 atakuwa amesogea zaidi ya sentimita mbili shata ikiwa wazi, na mguu unaorushwa unakwenda kasi kuliko mwili. Kwa 1/500 anasogea chini ya milimita tatu. Jua kali, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 200 inatosha. Ukiingia kivulini utahitaji 800, pengine 1600, na usiogope chembechembe. Uso wenye chembe unasameheka, uso ulioburuzika hausameheki.

Kuhusu mwanga nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wapiga picha wengi wa Dar wanapoharibu nyuso za watu wao wenyewe. Ukiachia kamera ijipimie mbele ya ukuta mweupe wa jua, itaona ukuta, itapunguza mwanga, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake atakuwa kivuli chenye meno. Wengine wanaiita sanaa. Mimi naita uvivu, isipokuwa pale ulipokusudia. Pima hivi: ukifika mahali pako, nyoosha mkono wako pale watu watakapopita, upate mwanga uleule, piga picha ya mgongo wa mkono. Mgongo, si kiganja, maana kiganja chetu ni cheupe kuliko uso na kitakudanganya. Rekebisha ISO mpaka ngozi yako kwenye skrini ifanane na ngozi yako. Acha hapo. Ukuta ukiungua kidogo, uungue.

Kisha angalia mwanga unatoka wapi. Saa 6 na saa 7 mchana Kariakoo sipigi chochote nje. Jua liko utosini, macho ya watu ni mashimo mawili. Siku za mwanzo za Machi, na tena kama tarehe 10 Oktoba, linapita juu ya Dar wima kabisa na kivuli cha mtu kinajikunja chini ya nyayo zake. Saa zako ni kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi, halafu saa 10 na nusu jioni mpaka jua linapozama, na likizama giza letu halibembelezi. Hizi saa mbili za jioni zina zawadi nyingine: jua linapiga ghorofa za upande mmoja wa mtaa, na ukuta uliopigwa unarudisha mwanga laini upande wa pili. Simama na ukuta wenye jua mgongoni mwako. Wauzaji waliokaa kivulini mbele yako watakuwa wanang'aa kwa mwanga ambao studio zinaulipia.

Jihadhari na maturubai ya bluu. Chini ya turubai la bluu kila uso ni wa mgonjwa, na hakuna programu itakayokuondolea ule ubluu wote bila kuharibu nyanya na kanga. Ama subiri mtu asogee ukingoni ambako mwanga wa barabara unamfikia, ama geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, ama hama. Mimi huhama.

Umeuliza pia habari ya wanaopozi. Wewe unawaona kama kikwazo, mimi nawapenda sana. Kijiwe cha bodaboda, umepita, mmoja anaita: "Sista, tupige basi!" Wapige. Vidole viwili, miwani, mguu juu ya tanki, kila kitu. Waonyeshe kwenye skrini. Hapo watacheka, watamsema mmoja wao aliyefumba macho, watasukumana. Wewe bado uko pale, kamera iko tumboni, fokasi imeshawekwa. Picha yako ndiyo hiyo ya kusukumana. Pozi ni mlango tu, na pozi la mtu halidumu, mashavu yanachoka. Kosa lako ni kuondoka baada ya kubonyeza mara moja, kwa hasira kwamba amekuharibia. Kaa. Dakika ya tatu huwa hawakumbuki tena kama upo, abiria amekuja, bei inabishaniwa.

Una faida moja ambayo hujaitaja: skrini ya 700D inafunguka na kugeuka. Ifungue, ilaze, shikilia kamera usawa wa kitovu, tazama chini. Vivian Maier, yule yaya wa Chicago ambaye picha zake zilianza kujulikana mwaka 2007 masanduku yake yalipouzwa mnadani, kwa miaka mingi alitumia Rolleiflex, kamera ya kutazamiwa kwa juu ikiwa kifuani. Anayepigwa haoni jicho likimlenga, anaona mtu aliyeinamisha kichwa. Pia unapata kimo kizuri, watu wanakuwa warefu na wenye heshima. Ubaya wake ni kwamba skrini inakula betri, kwa hiyo beba mbili. Usichanganye na kuficha. Kamera iwe nje, kila mtu aione. Kuna hila nyingine utakayofundishwa, ya kuendelea kutazama nyuma ya mtu baada ya kumpiga ili adhani ulikuwa unapiga duka. Inafanya kazi. Niliitumia miaka mingi nikaiacha, kwa sababu ilinifanya nisimtazame usoni mtu niliyemchukua sura yake.

Akikuona, tabasamu na uinamishe kichwa kidogo. Akiuliza, jibu neno moja la kweli kabla hujaanza maelezo: "Mwanga umekukaa vizuri hapo, bosi." Au kwa mtu mzima, "Shikamoo baba, nimependa ulivyoikunja hiyo suruali, nikapiga." Usianze na "mimi ni mwanafunzi wa sanaa". Wewe sema ulichokiona. Mtu akisikia kwamba umeona kitu mahususi kwake, sauti inashuka. Mwonyeshe. Akisema futa, futa, mbele yake, bila kununa, halafu mwonyeshe picha iliyotangulia na inayofuata ajue haipo. Hakuna picha hata moja ya mtaani inayostahili ugomvi. Akishaondoka usianze kutafuta programu ya kuirudisha, umetoa neno.

Na rudi na picha. Hiki ndicho kitu ninachokitaka ukikumbuke hata ukisahau f/8. Chapisha ndogo za kawaida pale kwenye studio za mjini, Jumamosi inayofuata nenda nazo. Yule mama wa ndizi umpelekee ya kwake. Utaona atakavyoiweka, pengine chini ya kikapu, pengine kwenye begi la fedha, na jirani zake wote watauliza zao ziko wapi. Ndani ya miezi miwili mtaa huo utakuwa unakuita kwa jina. WhatsApp inafaa pia kwa vijana, ila uitumapo kuwa mwangalifu na namba za watu.

Sheria. Mimi si wakili, nakupa ninachokizingatia kazini. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inayopokea malalamiko. Picha ya mtu anayetambulika ichukulie kama taarifa yake. Kupiga ni jambo moja, kutumia ni jingine, na hatari kubwa iko kwenye kutumia. Picha ya mtaani ikienda kwenye tangazo, kalenda ya kampuni au ukurasa wa biashara, pata ridhaa ya maandishi. Ya mtoto, saini ya mzazi. Majirani zetu wameshaonja: Septemba 2023 ofisi ya Kenya inayosimamia sheria yao ya 2019 iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Hizo zilikuwa biashara, si wapiga picha wa mitaani, lakini ukiombwa uuze picha utakuwa karibu nao kuliko unavyodhani.

Kuna pia maeneo. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari, Ikulu: usielekeze kamera huko hata kwa utani. Nakutajia kwa sababu najua utaenda kwenye kivuko cha Magogoni, kila mpiga picha wa Dar huishia pale kwa ajili ya lile wimbi la watu wakati pantoni inaposhusha, na Ikulu iko jirani kabisa. Ongea kwanza na walinzi, eleza, na wakikataa nenda zako.

Kuna watu wa kutowapiga kabisa, sheria iseme isiseme. Mimi nina kipimo kimoja: mtu asiyeweza kunikatalia simpigi. Mgonjwa wa akili anayeongea na ukuta, mlevi aliyelala mtaroni, mtoto anayeomba kwenye taa, majeruhi wa ajali. Picha zao ni rahisi kuliko zote, ndiyo maana kila anayeanza anazo. Mama anayenyonyesha, mpishe. Na ukienda Zanzibar, Mji Mkongwe, wanawake wengi hawataki, watakuonyesha kwa kuvuta mtandio. Hilo ni jibu tosha, shusha kamera.

Usalama wako. Mkanda uzungushe kifundo cha mkono, begi dogo liwe mbele, maandishi ya Canon yafunike kwa gundi nyeusi. Ukisimama ukingoni mwa barabara kamera iwe upande wa duka, kwa sababu wakwapuzi wa pikipiki huwa hawasimami kuuliza bei. Kadi iwe tupu ukitoka nyumbani. Kuwa mwanamke kwenye kazi hii kuna mzigo wake, utaitwa majina, utaombwa namba. Lakini nimefundisha vijana wa jinsia zote na naona kina mama wa sokoni wanamruhusu binti mahali ambapo mimi nisingefika mlangoni.

Picha zikishapatikana, usizihukumu jioni ileile. Utapenda ile iliyokusumbua kuipata, wakati macho ya mtu mwingine hayajui ulisumbuka. Garry Winogrand wa New York alikuwa anaacha filamu zake muda mrefu kabla ya kuzisafisha ili asahau alijisikiaje siku ile. Alipofariki mwaka 1984 aliacha kama roli 2,500 zisizosafishwa. Usifike huko. Wiki mbili zinatosha. Kwa Jumamosi nzima mimi nikipata moja ya kuweka, nashukuru. Zikiwa mbili nahisi nimejipendelea.

Jumamosi hii usizunguke. Chagua kona moja, lensi moja, 24, f/8, hatua tatu. Fika saa 10 jioni, na usipige kitu nusu saa ya kwanza. Nunua kahawa. Yule mzee niliyemtaja alishastaafu, lakini kwenye kona yake kuna kijana anayegonganisha vikombe vyake viwili, tiki-tiki-tiki, anasimama ghafla mteja anapomwita, kisha anainua birika juu sana kabla ya kumimina. Anainua kila mara, kwa kila mteja, usawa wa jicho. Jua linapita katikati ya mkono na birika kama saa 11 na robo. Mlipe kwa chenji, hapendi noti kubwa, na kashata za mwisho huwa zimeisha ukichelewa.